Barua zenu: mnara wa Mousa, visiwa vya rehani na kondoo wa pwani

Toleo lililopita niliweka picha moja, mnara wa mawe wa kisiwa cha Mousa huku Shetland, kaskazini kabisa mwa Uskoti. Chini yake mistari miwili kwamba ndani ya kuta zake wanalala ndege. Mhariri kanitumia barua kifurushi kizima. Wengi mmeuliza habari za Waviking, baadhi ndege, na mmoja wa Pangani anataka kujua mzee wa kwao anatafuta nini kwenye baridi ile. Huyo nimjibu papa hapa: nilikuja na meli nikiwa kijana wa chumba cha mashine, nikaoa, nikabaki, na sasa natengeneza injini za boti mjini Lerwick. Haya, tuanze.

Mzee wetu, shikamoo. Ule mnara walijenga Waviking? Na hao ndege mbona walale ukutani, miti imekwisha?
*Msomaji, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Kwa miti umekaribia kujijibu mwenyewe. Shetland ni nchi ya upepo na kondoo, na mti uliosimama peke yake ni kitu cha kuonyeshwa wageni. Ndege wa huku wanalala kwenye majabali, mashimo na kuta.

Mnara si wa Waviking. Wenyeji wa kale wa visiwa hivi waliujenga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na watu wa Norwe, hao Waviking, walipoanza kuhamia huku, karne ya 9, waliukuta umesimama na tayari ni wa zamani. Aina hii ya mnara inaitwa broch. Ipo mingi Uskoti, lakini mingine yote imebomoka kuliko huu, ambao bado una mita 13 kwenda juu. Ni mawe bapa yaliyopangwa tu. Mimi niliyekulia kwenye nyumba za mawe na chokaa niliuzunguka nikikwaruza kwa ukucha, nikitafuta kilichoyashika. Hakuna. Kuta ni mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati yake ngazi ya mawe inapanda ikizunguka mpaka juu. Mtu mnene hapo anapita ubavu ubavu.

Waviking hawakuujenga, ila waliutumia. Masimulizi ya kale yaliyoandikwa Iceland yanautaja mara mbili, na mara zote mbili ni mwanamume aliyetorosha mwanamke. Wa kwanza, mnamo mwaka 900 hivi, ni Bjorn aliyemchukua Thora kutoka Norwe bila ridhaa ya ndugu zake. Dhoruba ikaiharibu meli yao, wakashukia Mousa, wakafunga ndoa humo mnarani, wakakaa mpaka baridi ikaisha ndipo wakaendelea na safari ya Iceland. Wa pili ni mwaka 1153. Erlend alimtwaa Margaret, mama mzazi wa Harald Maddadsson, jarl wa Orkney (visiwa vya kusini mwetu), yaani mtawala wake chini ya mfalme wa Norwe. Mtoto akaja na jeshi akauzingira mnara mama yake asiolewe! Lakini Erlend alikuwa ameshajaza chakula ndani, na ukuta ule hauvunjiki kwa shoka. Harald akachoka, wakapatana, harusi ikafungwa.

Sasa wapangaji wa leo. Watu wa Shetland wanawaita alamootie, na kwa Kiingereza cha mabaharia ni storm petrel. Ni mweusi, mgongoni karibu na mkia ana doa jeupe, uzito wake gramu 25 hivi, na maisha yake yote yako bahari kuu isipokuwa wakati wa kutaga. Kisiwani Mousa wamehesabiwa jozi karibu 11,000, wengine kwenye mawe ya ufukoni, wengine kwenye kuta za mashamba ya zamani, na baadhi humo humo kwenye mnara wa Margaret. Mchana huoni hata mmoja. Shakwe na skua wangewamaliza, kwa hiyo wanasubiri giza.

Na giza lenyewe mwezi wa sita ni la jina tu. Jua linazama saa nne na nusu usiku na mbingu inabaki na weupe mpaka alfajiri. Boti inawashusha, mnatembea kando ya maji bila makelele. Ukifika saa sita usiku, weka sikio kwenye ufa wa ukuta. Utasikia mngurumo mdogo ndani ya jiwe, kama cherehani kuukuu inayokwama kila baada ya mishono kadhaa. Huyo ni aliyelalia yai, anaita. Mara wanaanza kuingia kutoka baharini, wanapita karibu na shavu lako bila kukugusa, kila mmoja anakwenda kwenye ufa wake bila kubabaika. Harufu yao ni ya mafuta yenye miski. Ikishika sweta, sabuni inafanya kazi ya bure.

Yai ni moja kwa mwaka, karibu robo ya uzito wa mama yake. Baba na mama wanapokezana kulalia kwa siku 40 hivi. Palipo na panya au paka ndege hawa hawadumu, ndiyo maana wamebakia kwenye visiwa vidogo kama hiki. Baridi ikianza wanashuka Atlantiki yote mpaka bahari ya Namibia na Afrika Kusini, na mwaka unaofuata wanarudi. Waliovishwa pete miguuni na watafiti, wapo waliopita miaka 30.

Ndugu Mzee, uliwahi kudokeza kwamba visiwa hivyo viliwekwa rehani kwa sababu ya harusi. Nimewasimulia wenzangu kazini wakacheka. Ni kweli, au ulikuwa unatuchezea?
*Karani wa benki, Kigoma*

Ni kweli tupu, na wewe wa benki utaifurahia kuliko wote. Mwaka 1468 Christian wa Kwanza, mfalme wa Denmaki na Norwe, alikuwa anamwoza binti yake Margaret (huyu Margaret mwingine) kwa James wa Tatu, mfalme wa Uskoti. Kwa desturi yao anayetoa mali ni baba wa bibi harusi. Wakaandikiana guldeni 60,000 za Rhine, sarafu za dhahabu za wakati ule. Christian akaahidi 10,000 taslimu, na kwa zile 50,000 akaweka rehani Orkney, visiwa vilivyo kusini mwa Shetland. Siku ya taslimu ilipofika, mfalme mzima alipata 2,000 tu. Kufidia zile 8,000, mwaka 1469 akaongeza Shetland. Binti akaolewa mwaka huo huo akiwa na miaka 13.

Kwa hiyo Orkney 50,000, sisi 8,000. Watu wa hapa hawajaisahau bei ile. Nina mteja mvuvi wa kaa, kila nikimtajia gharama ya kufumua injini ananiuliza kama najua Shetland nzima ilikwenda kwa kiasi gani.

Mkopeshaji hakusubiri. Mwaka 1472 Uskoti ikaviweka visiwa vyote chini ya taji lake. Denmaki ilirudi mara kadhaa katika karne zilizofuata kutaka kukomboa mali yake, ikapigwa danadana kila mara. Kwa jicho la karani, hili ni deni ambalo mdaiwa alitaka kulipa na mdai akakataa kupokea. Utanieleza wewe linaandikwa safu gani.

Kilichobaki cha Norwe ni sheria ya ardhi. Kwingine Uskoti ufuko unaofunikwa na kufunuliwa na maji kwa kawaida ni wa taji. Huku, kwa sheria ya kale, shamba la mtu linaweza kushuka mpaka yanapofika maji ya kupwa kwa bamvua, na mawakili bado wanakula kwa jambo hilo. Kesi iliyovuma ni ya kisiwa cha St Ninian. Mwaka 1958 mvulana wa shule aliyekuwa akisaidia wachimbaji wa mambo ya kale aliinua jiwe bapa, chini yake kukawa na sanduku lenye vyombo na mapambo 28 ya fedha, vilivyofichwa mnamo mwaka 800 hivi, nyakati zile zile majahazi ya Norwe yalipoanza kuonekana. Ikapelekwa hoja mahakamani kwamba kwa sheria ya visiwa hazina ile si ya taji. Mwaka 1963 hoja ikashindwa. Fedha yenyewe iko Edinburgh, Lerwick tuna nakala. Nakala ni nzuri, lakini nakala ni nakala.

Kofia za pembe walivaa vitani au hawakuvaa? Tumebishana na kaka yangu.
*Binti wa Mombasa*

Hawakuvaa. Pembe zile ni za wabunifu wa mavazi ya jukwaani wa karne ya 19, na kaka yako mpe pole zangu. Hata tamasha letu la moto, Up Helly Aa, la Jumanne ya mwisho ya Januari, ambapo wanaume kwa mamia wanapita na mienge mjini kisha wanachoma jahazi la mbao, ni la karne hiyo hiyo ya 19. Wanawake wameanza kuruhusiwa kwenye vikosi vya Lerwick mwaka 2023 tu. Mimi silikosi, maana Januari huku unashukuru moto wowote, ila usiliite historia.

Jina langu la ubatizo ni Magnus. Padri aliniambia kuna kanisa kubwa la jina hilo visiwani huko. Huyo mtakatifu alifanya nini?
*Magnus, Songea*

Kwanza nikutahadharishe, wajina wa mtakatifu. Upande wenu walihubiri wamisionari wa Kijerumani, na wao wana Magnus wao, abate wa Füssen kule Bavaria. Huenda wako ni huyo. Lakini wa Orkney namjua, na nimefika mahali alipouawa.

Magnus Erlendsson na binamu yake Hakon Paulsson walikuwa ma-jarl wawili kwa wakati mmoja, na wewe unajua fahali wawili. Wakaahidiana kukutana kwa suluhu kisiwani Egilsay, siku za Pasaka, mwaka 1117 hivi, kila mmoja na meli mbili. Hakon akaja na nane. Magnus akatoa mapendekezo matatu ili binamu yake asiingie kwenye dhambi ya kuua: apelekwe hija na asirudi tena, au afungwe Uskoti, au akatwe viungo na kupofushwa. Hakon alikuwa tayari kukubali hilo la tatu. Wakuu waliomzunguka ndio waliokataa. Walisema wamechoka kutawaliwa na wawili, leo mmoja afe.

Hakon akamwamuru mshika bendera wake, akagoma kwa hasira. Basi akaitwa mpishi, jina lake Lifolf, naye akaanza kulia. Magnus ndiye aliyembembeleza. Akamwambia asimame mbele yake ampige kichwani, kwa kuwa si heshima kumkata mkuu shingo kama mwizi. Haya yote ni kwa mujibu wa masimulizi, na mimi nisingeyategemea kila neno. Lakini mwaka 1919 mafundi waliokuwa wakitengeneza kanisa kuu la Kirkwall, mji mkuu wa Orkney, walifungua nguzo wakakuta sanduku la mifupa, na fuvu lina jeraha la pigo juu. Kanisa lenyewe lilianzishwa mwaka 1137 na Rognvald, mtoto wa dada yake Magnus, kwa mawe mekundu na ya manjano. Ingia asubuhi, jua linapopenya madirishani.

Na yule Margaret wa mnarani Mousa? Binti yake Hakon. Visiwa hivi ni vidogo, kila mtu ni wa mtu.

Egilsay leo ni mashamba na kaya chache. Kuna kanisa la karne ya 12 lisilo na paa, lenye mnara wa duara unaouona kutoka kwenye feri. Mimi kilichonipeleka kilikuwa pampu ya maji iliyoharibika, nikalala huko, na usiku sikulala. Kwenye majani marefu nyuma ya nyumba kulikuwa na ndege akikwaruza krek-krek, krek-krek, mpaka kunakucha. Anaitwa corncrake. Ulaya Magharibi amepungua sana kwa sababu mashine za kukata majani zinakuta makinda bado chini. Sehemu kubwa ya Egilsay inatunzwa kwa ajili yake. Majani yanakatwa mwishoni mwa kiangazi, na trekta linaanzia katikati ya shamba kwenda nje ili makinda wapate pa kukimbilia. Nikamuuliza mwenye shamba anafananaje, akasema amemsikia maisha yake yote na amemwona mara za kuhesabu kwa vidole. Ulaya ikipoa ndege hawa wanahamia kwenye nyasi za Afrika, kutoka Kongo na Tanzania kushuka kusini. Huko wananyamaza kabisa, kwa hiyo anaweza kuwa mita kumi kutoka kwako, Magnus, na usijue.

Hao Waviking walikuwa wanajua kuandika?
*Mwanafunzi, kidato cha pili, Iringa*

Walijua, na mahali walipoandika sana ni ukutani, bila ruhusa ya mtu. Orkney kuna kaburi la mawe liitwalo Maeshowe, lenye umri wa miaka karibu 5,000. Karne ya 12 walitoboa wakaingia, wakachonga ukutani maandishi yasiyopungua 30 kwa herufi zao za runi. Unategemea hekima za wahenga? Mmoja anasema Ingigerth ni mrembo kuliko wanawake wote. Mwingine anajisifu kuwa amechonga juu zaidi. Wengine wanadai humo mlikuwa na hazina na imeshachukuliwa. Jarl Harald, yule yule aliyemzingira mama yake, alijihifadhi humo na watu wake kwenye dhoruba ya theluji mwaka 1153, na inasimuliwa kwamba wawili walitoka wamerukwa na akili. Walimu wako wasijue kwamba nimekuchekesha na uharibifu wa kuta.

Assalaamu alaykum. Mimi ni mkulima wa mwani, Jambiani. Mwanangu kanionyesha picha ya kondoo wako pwani wanakula mwani. Ni kweli, au ndiyo picha za kutengeneza?
*Mama wa Jambiani*

Waalaykumu salaam, dada yangu. Picha ni ya kweli, na wewe ndiye mtu wa kuzungumza naye jambo hili.

Kisiwa ni North Ronaldsay, cha mwisho kaskazini mwa Orkney. Mwaka 1832 wenye kisiwa walizungusha ukuta wa mawe makavu, kilomita 21 hivi, ukizunguka kisiwa kizima juu kidogo ya ufuko. Wengi wakiuona wanadhani umewekwa kuzuia bahari. La, umewekwa kuzuia kondoo wasiingie kwenye majani, maana majani yalitakiwa kwa ng'ombe na mazao. Kondoo wakafungiwa nje, upande wa maji, wajitafutie.

Wakajitafutia. Si spinosum wala cottonii zako za kufunga kambani. Mwani wa huku ni wa kahawia, mpana, wengine mrefu kuliko mtu, na una chumvi. Kondoo wale ni wadogo, mkia mfupi, jamii moja na kondoo wa Norwe na Iceland, na rangi zao ni kila moja: kijivu, nyeusi, kahawia. Saa zao ni za bahari kama zako. Maji yakitoka wanashuka mbio kwenye miamba, saa yoyote, hata usiku wa manane. Maji yakijaa wanapanda, wanalala chini ya ukuta wakicheua, jirani na sili. Nimewaona wakisubiri. Maji bado yako magotini mwao, wa mbele wameshaanza kuvuta majani yanayoelea.

Wanachonishangaza zaidi ni kunenepa wakati wa baridi, mifugo wengine wanapokonda, kwa kuwa dhoruba ndiyo inayowamwagia mwani ufukoni kwa marundo. Miili yao imezoea chakula chenye shaba kidogo mno, hivyo inanyonya kila chembe. Ukiwaacha muda mrefu kwenye malisho ya kawaida shaba inawazidi, nao wanakufa. Majike wanaingizwa ndani ya ukuta msimu wa kuzaa, kwa miezi michache, kisha wanarudishwa pwani pamoja na watoto. Nyama inaliwa, ni nyekundu nzito na ina ladha yake, wala si rahisi bei.

Tatizo lao ni ukuta. Bahari inaubomoa kila mwaka na waliobaki kisiwani ni watu wachache, wengi wa umri wangu. Kila kiangazi wanakuja watu wa kujitolea kupanga mawe. Kila aliyewahi kufunga kamba baharini halafu kaskazi ikaja kuzing'oa anaelewa kazi ile.

Mzee, niko Aberdeen, ni muuguzi, nina likizo mwezi wa saba. Nifikeje Mousa, na nibebe nini?
*Msomaji wa Kisumu, Aberdeen*

Wewe umekaa mlangoni, mama. Meli ya Lerwick inaondoka Aberdeen kila jioni, asubuhi uko hapa. Bahari ikichafuka usile kitu kizito. Lerwick unapanda basi la kusini mpaka Sandwick, na boti ya Mousa inatoka hapo gatini. Likizo uiombe mwanzoni mwa Julai, kwa sababu safari za usiku za kuona alamootie zinakoma katikati ya mwezi na nafasi zinajaa mapema.

Beba kofia ya sufu, hata kiangazi, kwa ajili ya baridi na kwa ajili ya buabua. Wanataga chini kando ya njia, na ukiwasogelea wanakudonoa utosini mpaka damu itoke. Kamera bila mwako. Usitie kidole kwenye nyufa za mnara, aliye ndani atakutemea mafuta, na ile habari ya sweta nimekwisha kuisema.

Ukiwa na siku za ziada shuka Orkney, upande ndege kutoka Westray kwenda Papa Westray. Ratiba yake inasema dakika mbili, na upepo ukiwa mgongoni hazifiki. Ila Mousa iwekee usiku zaidi ya mmoja. Nahodha akisema leo hatuendi, hakuna wa kumbadilisha, na mimi nimeshajaribu.